Mashemeji Wasipoimba, Klabu Zetu Zitasimama na Nani?

Hapana shaka kwamba kelele za uwanja wa kandanda ni miongoni mwa kelele chache ambazo watu wenye akili timamu huzitamani. Zikipungua, hakuna asemaye kwamba amani imepatikana. Kila mmoja hujua kwamba kuna jambo lililoharibika. Ndivyo wasemavyo siku hizi mashabiki wa Gor Mahia na wa AFC Leopards, katika matatu, katika vibanda vya chai na hata katika vyumba vya walimu. Wanakubaliana, licha ya uhasama wao, kwamba ule uhondo wa uwanjani umefifia. Kisha huulizana swali zito zaidi: klabu isiyoimbiwa itaishi kwa nini, na hadi lini?

Mimi si kocha wala si kiongozi wa klabu yoyote. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, nyimbo za mashabiki, majina ya utani wanayowapachika wachezaji na kejeli wanazorushiana ni lugha, na lugha inaponyamaza mahali ilipokuwa ikistawi, mwanaisimu ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza kulikoni.

Tuanze na historia, maana wengi wa wanafunzi wetu wameisikia nusunusu. AFC Leopards iliasisiwa mwaka 1964 ikijulikana kama Abaluhya. Gor Mahia iliasisiwa mwaka 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa simulizi za Waluo. Mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila katika vyama na michezo, Abaluhya ikageuzwa kuwa All Footballers Confederation, ndiyo hiyo AFC, na chui akabaki kuwa nembo yake. Mashabiki nao hawakuhitaji idhini ya mtu ili kuendelea kuiita Ingwe, kama vile wenzao walivyoendelea kuiita Gor Mahia K'Ogalo. Jina la kwenye cheti hutolewa na ofisi; jina la kwenye ulimi hutolewa na watu.

Kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati halikutoka mikononi mwa timu hizi mbili. Ingwe ililitwaa mara nne na K'Ogalo mara tatu. Mwaka 1987 Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika baada ya kwenda sare na Esperance ya Tunisia, 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi, katika uwanja wa Kasarani uliokuwa mpya kabisa. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mpira wenyewe sikuuona, lakini niliusikia, na nilichosikia zaidi ya mtangazaji ni umati uliokuwa nyuma yake. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, pamoja na watangazaji wenzake wa Kiswahili, walijua siri moja: walinyamaza kidogo ili umati nao utangaze. Msikilizaji aliyekuwa Kakamega au Kisumu alijua bao limefungwa kabla ya kuambiwa mfungaji. Hata ule usemi wa zamani wa "Kadenge na mpira", ambao vijana huutumia bila kujua kwamba Joe Kadenge alikuwa mtu wa nyama na damu, ulizaliwa katika utangazaji wa namna hiyo.

Sasa tuyatazame ya leo. Miezi kadhaa iliyopita niliketi katika jukwaa la uwanja mmoja jijini, mechi ya ligi ya siku ya kazi. Nilimsikia kocha akimwita beki wake kwa jina kutoka ng'ambo ya pili. Wachezaji walipozozana na mwamuzi, kila neno lilitufikia sisi tulioketi juu kabisa. Mwanamume mmoja nyuma yangu alianzisha wimbo. Akauimba mshororo wa kiongozi, akangoja kuitikiwa. Hakuitikiwa. Akaurudia mara ya pili, kisha akakaa chini na kutoa simu yake mfukoni.

Mgala muue na haki umpe. Mechi ya mashemeji yenyewe, Gor Mahia ikikutana na Leopards, ingali inawavuta watu. Siku hiyo vijana huteremka kutoka katikati ya jiji kwa miguu wakiimba, wengine wamevaa kijani kibichi, wengine buluu na nyeupe, na ngoma za isikuti hurindima. Lakini mechi hiyo huchezwa mara mbili tu katika msimu wa ligi, na klabu haiwezi kuishi kwa siku mbili.

Nimewasikiliza mashabiki wakieleza chanzo cha maradhi haya, na naona maelezo yao ni ya aina tatu.

Kundi la kwanza, ambalo aghalabu ni la wazee, hulaumu televisheni. Husema kwamba tangu Ligi Kuu ya Uingereza iundwe mwaka 1992 na kuingia majumbani na mabaani mwetu, vijana wameuacha mpira wa nyumbani. Nina ushahidi unaowaunga mkono. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya timu wanazozipenda, nami hujibiwa Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool. Akitokea mmoja akataja Ingwe, wenzake humcheka kana kwamba ametaja ugonjwa. Hata hivyo, hoja hii haitoshi. Watanzania nao wana televisheni, nao huzitazama timu hizo hizo za Uingereza, ilhali Simba na Yanga hujaziwa uwanja wa Benjamin Mkapa. Aidha, ligi yetu wenyewe ilionyeshwa na SuperSport kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2017, na kuondoka kwa kamera hizo hakukuwarudisha watu viwanjani.

Kundi la pili ni la wale walioogopa. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia: "Daktari, mimi sikuiacha Gor. Niliogopa mawe." Hatuwezi kumlaumu. Mnamo Oktoba 2010, watu 7 walikufa kwa kukanyagana katika lango la uwanja wa Nyayo siku ya mechi ya mashemeji. Walikwenda kutazama mpira na hawakurudi nyumbani. Mwaka 1 na miezi kadhaa baadaye, mnamo 2012, mechi ya timu hizo hizo ikaingia fujo na viti vikang'olewa. Ongeza hapo wezi wa simu na vijana wanaoyapanda magari ya watu siku ya mechi, na utaelewa kwa nini baba mwenye kumpenda mtoto wake humwambia atazame mpira nyumbani.

Kundi la tatu ni la vijana, nao hulaumu usimamizi. Mwanafunzi wangu mmoja alinihesabia kwa vidole: mwaka 2019 kampuni ya kamari iliyofadhili ligi na klabu ilijiondoa, mwaka 2020 janga la korona likawafungia mashabiki nje, mwaka 2022 FIFA ikatufungia nje ya soka ya dunia kuanzia Februari hadi Novemba, kisha viwanja vikafungwa kukarabatiwa, timu zikawa kama ndege waliobomolewa kiota. Hata Harambee Stars ilibidi icheze mechi zake za nyumbani za Juni 2024 katika nchi ya Malawi. Mtu asiyejua timu yake itachezea wapi Jumamosi hawezi kujenga mazoea, na ushabiki ni mazoea kabla ya kuwa mapenzi.

Hoja zote tatu zina uzito, na ya pili na ya tatu zinanishawishi kuliko ya kwanza. Lakini naona kuna jambo la nne ambalo halitajwi, nalo limefichwa ndani ya jina tunalolitamka kila siku bila kulitafakari: mashemeji.

Mechi hii iliitwa hivyo kwa sababu Waluo na Waluhya ni majirani waliooleana kwa vizazi vingi. Sasa basi, shemeji ni nani? Katika jamii zetu nyingi, mkwe ni mtu wa kustahiwa; mbele yake mtu huchunga ulimi. Shemeji, kwa upande mwingine, ni mtu wa utani. Unaweza kumwambia kwamba ni mvivu, kwamba mahari yenu ilipotea bure, naye akacheka na kukurudishia. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala maarufu juu ya mahusiano ya namna hii mwaka 1940. Alionyesha kwamba utani huunganisha urafiki na uhasama: watu waliofungamana, lakini wenye masilahi yanayoweza kugongana, hupewa ruhusa ya kuchokozana ili wasije wakapigana. Anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Anayetania naye ana mipaka. Hamtukani mtu mzazi wake aliyekufa, hamgusi mwilini, hambebi silaha.

Kwa hiyo, aliyeipa mechi ile jina la mashemeji, awe alijua au hakujua, aliipa sheria zake. Nyimbo za kejeli, majigambo, jeneza la kuigiza lenye rangi za mpinzani, yote hayo yalikuwa utani uliohamishwa kutoka nyumbani hadi uwanjani. Ndugu zetu Watanzania wamelihifadhi wazo hilo katika lugha yao kwa uwazi zaidi: Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Hawaitwi maadui wa jadi.

Uhondo wetu ulianza kufifia siku utani ulipogeuka kuwa matusi. Tofauti ya mambo haya mawili ni dhahiri kwa mtu yeyote anayefundisha Fasihi Simulizi. Utani unahitaji ubunifu. Mtu lazima amjue mpinzani wake ndipo apate la kumcheka. Matusi hayahitaji ujuzi wowote, kwani tusi la leo laweza kurushiwa mtu yeyote mahali popote. Utani hujibika, na hivyo huzaa wimbo mwingine upande wa pili. Tusi hujibiwa kwa tusi jingine, kisha kwa chupa, kisha kwa jiwe. Jiwe likianza kuruka, mwenye sauti nzuri ya kuongoza wimbo huwa wa kwanza kukimbia. Wanaobaki uwanjani ni wale wasiojua kuimba.

Kuna neno jingine la kutafakari. Zamani mkeka ulitandikiwa wageni. Leo, katika vinywa vya vijana wetu, mkeka ni orodha ya mechi ambazo mtu amezibashiria pesa, nyingi zikiwa za Ulaya, na mkeka huo "huchanika" bao moja likifungwa mahali pasipostahili. Sikusudii kutoa mahubiri kuhusu kamari, ingawa yanahitajika. Ninachosema ni kwamba mwenye mkeka hatazami mpira. Anatazama hesabu yake. Hawezi kuimba pamoja na jirani yake kwa sababu jirani ana hesabu tofauti. Umewahi kuwaona watu 20 wakitazama mechi moja, kila mmoja akishangilia peke yake? Nenda katika kibanda chochote cha video Jumamosi alasiri.

Hili linatuleta kwenye suala la mustakabali wa klabu. Kiswahili kinatupa maneno manne ya kumtaja mtu aliye upande wa pili wa uzio: mtazamaji, mteja, shabiki na mwanachama. Mtazamaji ana macho tu. Mteja ana pesa, naye huzipeleka kwingine akipata bidhaa bora. Shabiki ana moyo. Mwanachama ana moyo na tena ana kura. Lile umbo la "mwana" tunalolikuta katika mwananchi na mwanafunzi linamaanisha mtu wa mahali hapo, mwenye haki na wajibu katika jambo lile. Viongozi wa klabu zetu kwa muda mrefu wamewataka watu wawe mashabiki siku ya mechi na wateja siku ya kuuza jezi, lakini si wanachama siku ya mahesabu. Mfadhili akija, klabu husherehekea. Akiondoka, klabu huomba msaada. Ndiyo maana kuondoka kwa kampuni moja mwaka 2019 kuliziacha timu hizi kongwe zikishindwa kulipa mishahara.

Matokeo yake yanaonekana. Leopards haijatwaa ubingwa wa ligi tangu mwaka 1998. Gor Mahia ilikaa bila taji hilo tangu 1995 hadi 2013, na ingawa tangu hapo imelitwaa mara nyingi, barani Afrika haijafika tena ilikofika mwaka 1987. Mwaka 2025 ubingwa ulikwenda kwa Kenya Police, timu iliyo na taasisi nyuma yake na mishahara isiyoyumba. Siwaonei kijicho. Lakini ligi ambamo klabu za taasisi zina uhakika wa mshahara na klabu za wananchi hazina, mwishowe itakuwa ligi nadhifu isiyo na nyimbo.

Kule Tanzania, wanachama wa Simba walipokubali mwaka 2017 kuingia katika mfumo wa hisa, asilimia 51 zilitengewa wanachama wenyewe na 49 mwekezaji. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025. Sisemi kwamba huko ni peponi. Mechi yao ya Machi 8, 2025 iliahirishwa kutokana na mzozo, na mizozo ya wanachama na wawekezaji haijaisha. Ila wao wanagombana juu ya kitu chenye thamani, nasi tunanyamaza juu ya kitu kinachokufa.

Je, Wakenya wameacha kuupenda mpira wao? La hasha. Agosti 2025 tulipoandaa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, Kasarani ilifurika. Harambee Stars iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikaifunga Moroko iliyotwaa kombe hatimaye, ikafika robo fainali na kutolewa na Madagaska kwa penalti. Watu waliimba, tena waliimba vizuri. Ila hata huko tabia za malangoni zilituponza, CAF ikalazimika kupunguza idadi ya walioruhusiwa kuingia. Funzo ni mawili: sauti tunazo, na utaratibu hatuna. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa katika nchi hizi hizi tatu. Tusingoje hadi wakati huo kujifunza kupanga foleni.

Kwanza, viongozi wa klabu waandikishe wanachama kwa dhati, ada iwe ndogo ambayo mwendeshaji bodaboda anaweza kuilipa, na mahesabu yasomwe hadharani kila mwaka. Pili, klabu, wasimamizi wa ligi na wenye viwanja wakubaliane juu ya uwanja na ratiba kabla ya msimu kuanza, na malango yafunguliwe mapema na kwa wingi. Damu ya watu 7 wa mwaka 2010 bado inadai hilo. Tatu, matawi ya mashabiki yenyewe yawe walinzi wa utani. Anayeanzisha tusi asiitikiwe. Wimbo usioitikiwa hufa wenyewe, kama nilivyoshuhudia ukifa wimbo ambao haukustahili.

Nne, nawageukia walimu wenzangu. Tunawafundisha wanafunzi majigambo, nyimbo na utani katika Fasihi Simulizi kana kwamba ni mambo ya kale yaliyokaushwa kwa ajili ya mtihani. Isikuti, ambayo wengi wa watoto wa Nairobi huisikia mubashara katika jukwaa la Ingwe tu, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtaala wa Umilisi umeweka katika sekondari ya juu mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Basi kwa nini mwanafunzi asipelekwe uwanjani na mwalimu wake, akiwa na daftari, akazikusanya nyimbo za mashabiki, akaulizia nani alizitunga, lini, na kwa kumkejeli nani? Atarudi na kazi ya utafiti iliyo hai, na klabu itakuwa imepata shabiki mwenye umri wa miaka 16, ambaye ndiye mustakabali tunaoulizia.

Nanyi wanafunzi, pendeni Arsenal mkitaka, sitawakataza. Lakini tambueni kwamba mkiimba mbele ya runinga, London haiwasikii. Mchezaji wa K'Ogalo au wa Ingwe aliye hatua 30 kutoka kitini mwenu anawasikia, na miguu yake hubadilika kwa sababu yenu.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mila yetu ya uwanjani haikuwa mawe wala matusi, bali ilikuwa mashemeji wawili kuchekana kwa nyimbo hadi jua lituchwe, kisha kurudi mjini katika matatu moja. Timu inaweza kununua mchezaji, na hata kocha inaweza kumwajiri kutoka ng'ambo. Mwitikiaji wa wimbo hauzwi popote. Jumamosi ijayo kuna mechi. Nendeni, lipeni kiingilio, na anayeanzisha wimbo mwitikieni.